Waya Uliokatwa kwenye Gari la Wifi

Wifi ya mwenye gereji aliingia gerejini akipiga honi, ingawa lango lilikuwa wazi na hakuna mtu aliyemzuia. Alisimamisha gari katikati ya uwanja, pale ambapo gari jingine lisingeweza kuingia wala kutoka, akazima injini. Kiti cha nyuma kilikuwa kimejaa trei za mayai, zimepangwa mpaka usawa wa kioo. Kiti cha mbele, mkoba mapajani, alikaa mama mkwe.

Mwenye gereji alikuwa amelala chini ya lori dogo akimwaga oili. Watu walimwita Mama Spana, na jina lilikuwa limemkaa kiasi kwamba hata mumewe alilitumia siku akiwa na furaha. Aliona viatu vya ngozi vinamjia, akazijua hatua kabla ya kusikia sauti.

"Toka huko chini. Nimekuja na shahidi."

Ulikuwa mwaka mmoja na miezi minne hawajasemezana. Ilianza kwenye kikao cha familia, wifi aliposema mbele ya wote kwamba kaka yake ameoa mwanaume mwenzake, maana mwanamke gani huyu ananuka dizeli hata akijifukiza? Watu walicheka. Mumewe naye alicheka, kisha akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Tusi lenyewe Mama Spana alilisahau mapema. Kikohozi hakukisahau.

Alijivuta nje, akasimama, akafuta mikono kwa tambara.

"Mama, shikamoo," alisema, akimpita wifi kwa macho.

"Marahaba," alijibu mama mkwe kutoka ndani ya gari. Hakushuka.

"Gari langu lilikuwa zima," wifi alianza. "Injinia alilitengeneza Jumamosi ya juzi, hapo kwenu uani, likatoka linakimbia kama jipya. Sasa likipanda mlima linapiga kelele kama mtu anamwaga changarawe kwenye sufuria. Jana limechemka katikati ya barabara, mayai yote yakiwa juani. Nataka kujua nani aliligusa baada ya kaka yangu."

Injinia ndiye mume wa Mama Spana. Alikuwa karani wa ghala, na maishani mwake hakuwahi kufungua injini mpaka mwisho. Lakini kwao walimwita hivyo tangu utotoni, alipotengeneza redio ya baba yake, na kwao iliaminika kwamba yote anayoyajua Mama Spana alifundishwa na mumewe. Mama Spana alikuwa ameiacha imani hiyo ijiendee. Ndoa ina mizigo mizito kuliko huo, alijiambia.

"Unaniuliza mimi?"

"Nani mwingine pale nyumbani ana spana? Mimi nilimpa kaka funguo getini asubuhi, nikaja kulichukua saa nane. Katikati hapo, wewe na wivu wako mlikuwa wapi?"

"Mimi nilikuwa kliniki ya macho na mama. Tuliondoka kabla hujafika, tukarudi saa kumi umeshaondoka. Shahidi umemleta mwenyewe. Muulize."

Wifi akageuka. "Mama, ni kweli?"

Mama mkwe alifungua mkoba, akachakura, akatoa leso, akaitazama kana kwamba jibu limeshonwa kwenye pindo.

"Siku zinanichanganya siku hizi," alisema. "Kliniki nimekwenda mara nyingi."

Mama Spana alimtazama. Siku ile alimshika mkono kutoka dirisha moja hadi jingine, akamtilia matone, akamnunulia maji, wakacheka pamoja na daktari aliyevaa miwani mizito kuliko wagonjwa wake. Sasa yule yule anaitazama leso.

"Haya," alisema. "Hapa ni gereji, siyo baraza. Ukiwa umeleta gari, nitalipima. Ukiwa umeleta ugomvi, lango ni lile ulilolipigia honi."

"Lipime. Lakini mbele ya macho yangu. Kila nati."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Utainama leo mpaka ukome."

Wifi alitaka kushusha mayai kwanza. Mama Spana akamkataza. Alitaka mzigo ule ule na mlima ule ule. Akashika usukani, wifi akajibana nyuma na trei zake, mama mkwe akabaki mbele, wakatoka. Barabara ilikuwa tambarare mpaka kwenye tangi la maji, ndipo ikaanza kupanda. Mama Spana alibaki gia ya tatu, akakanyaga mafuta. Kelele ikaja: kali, kavu, ya haraka, *chechechechee*. Akaachia mafuta kidogo, ikakoma. Akakanyaga, ikarudi.

"Umesikia?" wifi alifoka.

"Nimesikia. Kelele hii siyo ya beringi. Beringi hugonga kwa uzito, kama mtu anapiga ukuta kwa ngumi. Hii ni moto unawaka kabla ya wakati wake." Aligeuza gari kwenye uwazi wa kando. "Petroli inatakiwa iwashwe pistoni ikiwa karibu kufika juu, ili moto uisukume ikishuka. Ukiuwasha mapema mno, moto unakutana na pistoni bado inapanda. Wanapigana humo ndani. Unachosikia ni ugomvi."

"Ugomvi naujua. Sikuja kufundishwa."

"Hata mimi sikupanga kufundisha."

Waliporudi alifungua boneti na kuanza na mambo mepesi. Maji ya rejeta yalikuwa sawa, feni ilizunguka. Alimuuliza wifi petroli ameinunua wapi. Wifi akataja kituo kile kile ambacho gereji nzima ilinunua. Kisha akatoa plagi moja moja na kuzipanga juu ya tambara. Ncha zake zilikuwa nyeupe kama mfupa uliokaa juani, na juu ya ile ya silinda ya tatu kulikuwa na chembe ndogo zinazometa.

"Nini hizo?"

"Pistoni yako. Inaliwa kidogo kidogo."

Wifi alisogea, akazitazama zile chembe. Halafu akasema, "Yaani umeona raha kuniambia hivyo."

Mama Spana alijua ni kweli kidogo.

Alirudisha plagi, akawasha injini, akachukua taa ya taimingi. Ni taa yenye umbo la bastola. Unabana kamba yake kwenye waya wa plagi ya kwanza, na kila plagi ile inapotoa cheche, taa huwaka na kuzimika papo hapo. Ukiimulika kwenye puli iliyo chini ya injini, alama iliyochongwa pale huonekana kana kwamba imesimama, na unasoma kwenye kipimo moto unawaka nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Akamwambia wifi aingie na kushikilia mafuta, injini ingurume bila kupanda wala kushuka. Akiwa ameshika taa kwa mkono mmoja, aligonga bloku ya injini kwa nyundo ndogo. *Ti, ti, ti.* Akaitazama alama. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Alama haikutikisika.

"Zima. Njoo," alisema. "Injini hii ina sensa ya noki, yaani ya mgongano huo, imefungwa ubavuni. Kazi yake ni kusikiliza. Ikisikia mgongano, inaiambia kompyuta, na kompyuta inachelewesha moto mpaka kelele iishe. Nimegonga kwa nyundo ili idhani injini inagonga. Alama ilitakiwa irudi nyuma. Haikurudi. Sensa yako haisikii."

"Taa ya dashibodi ingewaka. Ilikuwa inawaka zamani, gari likawa zito. Kaka akaitengeneza, ikazimika."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Akapinda kipande cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye soketi ya vipimo, ili kompyuta iache kupanga moto yenyewe na abaki na ule uliowekwa kwa mkono. Akamulika tena. Alama ilitakiwa kukaa kwenye kumi. Ilikuwa imepita kumi na nane. Akaangalia bolti ya distributa, kile kichwa kinachogawa moto kwa plagi, ambacho ukikizungusha unauwahisha au kuuchelewesha. Bolti ilikuwa na mikwaruzo mipya, ya mtu aliyetumia koleo mahali pa spana.

"Sasa inama," alisema.

Wifi alipiga magoti kwenye saruji yenye oili na viatu vyake vya ngozi. Mama Spana akamulikia tochi nyuma ya injini. Waya wa sensa ulikuwa umekatwa. Upande wa kompyuta ulikuwa umefungwa tepu nyeusi, na alipoibandua, kikatokea kidude kidogo kama punje ya mchele, chenye mistari ya rangi.

"Rezista," alisema. "Inaidanganya kompyuta kwamba sensa ipo na injini iko kimya. Aliyeiweka alitaka taa izimike. Gari lipone lisipone, hakujali. Kisha akazungusha distributa ili upate nguvu. Umepewa nguvu, ukanyang'anywa masikio."

Wifi alisimama, akapangusa magoti.

"Umeiona upesi sana," alisema polepole. "Gari zima hili, ukaenda moja kwa moja. Anayejua dirisha lilipovunjwa ni mwizi mwenyewe."

Mama Spana aliiweka tochi chini kwa uangalifu, kwa sababu mkono ulitaka kuirusha.

"Mpigie kaka yako," alisema.

Injinia alifika saa ya mapumziko, na shati la ghala, kalamu mbili mfukoni. Alimwamkia mama yake, akamtazama dada yake, akaitazama boneti iliyo wazi. Uso wake ukamwambia Mama Spana kila kitu kabla mdomo haujafunguka. Wifi alimsimulia kwa pumzi moja. Alipomaliza, Injinia alijikuna shingo.

"Mimi nilisafisha plagi," alisema. "Nikaangalia waya mbili tatu. Taa ikazimika yenyewe."

"Na distributa?" aliuliza Mama Spana.

"Sikumbuki kuigusa." Halafu, bila kumtazama, kwa sauti ya upole ambayo ilimuuma kuliko kelele zote za asubuhi: "Labda, mke wangu, ulijaribu kunisaidia kabla hamjatoka. Ukakosea. Si dhambi. Fundi yeyote hukosea."

"Mmesikia!" wifi alipiga makofi. "Mama, umesikia?"

Mama mkwe alikuwa ameshuka sasa, amekaa kwenye tairi kuukuu. Leso ilikuwa bado mkononi.

Mama Spana angeweza kupiga kelele. Miaka kumi na moja ya ndoa ilikuwa imemfundisha kwamba katika familia hii anayepiga kelele ndiye anayeshindwa, labda awe wifi. Akawasha injini. Akaichukua taa ya taimingi, akamwekea mumewe mkononi.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema. "Wote hapa wanajua. Basi waonyeshe. Taimingi ya gari hili iko nyuzi ngapi?"

"Acha mambo ya kitoto."

"Ni jambo la dakika moja. Waonyeshe."

"Mwonyeshe, kaka," alisema wifi. "Mfunge mdomo."

Injinia aliigeuza taa huku na huku. Akaishika kamba yake, akaibana kwenye waya ule mnene wa katikati ya distributa. Taa ikaanza kuwaka na kuzimika hovyo. Akaimulika kwenye kifuniko cha distributa chenyewe, akainama, akakodoa macho.

"Umeona ngapi?" aliuliza mkewe.

"Alama... hii ya kwako ni ya aina nyingine."

"Alama iko kwenye gari, siyo kwenye taa. Iko wapi?"

Alionyesha kidole. Kwenye kifuniko hapakuwa na kitu ila vumbi. Aliona dada yake anamtazama, akahamisha kidole kwenye feni, kisha kwenye mkanda, kisha akakirudisha mfukoni pamoja na mkono.

Injini iliendelea kunguruma. Mama Spana akaizima.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "hujui."

"Mama, hiyo taa..."

"Hujui. Na siku ile mkeo alikuwa na mimi. Tuliondoka saa moja asubuhi, gari halijaletwa. Tuliporudi, gari halikuwepo uani."

Wifi akamgeukia mama yake, mdomo wazi.

"Mama," alisema Mama Spana, "umekumbuka sasa hivi?"

Mama mkwe aliikunja leso mara mbili, akairudisha kwenye mkoba.

"Nilikumbuka tangu asubuhi," alisema. "Nilidhani mtagombana kidogo, mtanyamaza, na mwanangu atabaki na jina lake."

Hapo Injinia akakaa chini, juu ya sanduku la spana la mkewe, akasema yote. Muuza vipuri mmoja alimwambia sensa ni ghali na haina kazi. Rezista ya senti chache ingezima taa. Alipoiweka, gari likapata nafuu. Akataka zaidi, akazungusha distributa kidogo kidogo, kila akizungusha linaamka. Dada yake alipokuja alilikimbiza barabarani, akarudi akicheka, akasema hakika kaka yangu ni injinia. "Ningemwambia nini?" aliuliza. "Kwamba nisubiri mke wangu arudi?"

"Ndiyo," alisema Mama Spana. "Hivyo tu."

"Wewe unatengenezea watu mji mzima. Mimi hilo moja..."

"Hilo moja ulitaka kunibebesha mimi. Mbele yangu. Kwa sauti ya mapenzi."

Injinia aliinuka kwenye sanduku la spana, akampisha.

Kazi ilichukua saa tatu. Wifi aliita gari la kukodi likabeba mayai, lakini yeye hakuondoka. Alikaa kwenye tairi, mikono imefumbatwa, akitazama kila nati kama alivyoapa. Mama Spana alipata sensa iliyotumika kwa jirani yake anayevunja magari mabovu na kuuza vipuri, akaipima kwanza mezani. Akaifunga kwa spana yenye kipimo, si kwa kukisia, maana ikikazwa mno inasikia vitu visivyokuwepo na ikilegea haisikii kitu. Akaunga waya kwa risasi iliyoyeyushwa, akarudisha distributa mpaka alama ikakaa kwenye kumi, akatoa kile kipande cha waya kwenye soketi, akagonga bloku kwa nyundo. Alama ikarudi nyuma, kisha ikapanda tena taratibu. Mlimani, gia ya tatu, mafuta mpaka chini, injini ilivuta bila kelele.

Lakini alipopima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, silinda ya tatu ilikuwa chini kuliko nyingine.

"Litatembea," alimwambia wifi. "Oili litakula. Angalia kila wiki. Siku moja pistoni hiyo itabidi ibadilishwe, na siku hiyo siijui."

"Basi mmeniharibia gari," alisema wifi.

"Nani na nani?"

Wifi alifungua mlango wa gari. Aliingia ndani, akampigia mama yake honi ingawa alikuwa hatua mbili tu kutoka mlangoni, wakaondoka. Hakusema asante. Mama mkwe aliinua mkono kidogo dirishani, akaushusha.

Injinia alikuwa bado yupo, akizunguka-zunguka. Akataka kusaidia kukusanya vifaa. Mama Spana akampokonya spana mkononi.

"Funguo ya gereji," alisema.

"Ya nini?"

"Iliyo kwenye mnyororo wako. Itoe."

Alihangaika na mnyororo kwa muda mrefu, kucha inateleza, mkewe akimtazama bila kumsaidia. Ilipotoka aliiweka kwenye kiganja cha mkewe, cheusi kwa oili. Nyumbani walikula kwa wiki mbili wakiulizana chumvi tu. Mama Spana alimwambia jambo moja: kikao cha familia kikifika, aseme kwa mdomo wake, pale pale alipokohoa.

Kikao kilifika mwisho wa mwezi. Sebule ya mama mkwe ilijaa wajomba, mashangazi na wake zao, viti vya plastiki vimeazimwa kwa majirani. Habari ilikuwa imeshazunguka, na wengi iliwafikia imegeuzwa: Mama Spana kaharibu gari la wifi yake. Mazungumzo mengine yalipokwisha, Injinia alisimama, akasafisha koo.

"Kuna suala la gari la dada," alisema. "Yamesemwa mengi. Ukweli ni kwamba tulikosea. Tuyaache yaishe."

Watu wakaanza kuitikia, yaishe, yaishe.

"Nani na nani?" aliuliza Mama Spana kutoka kwenye kiti chake. Hakupandisha sauti.

Mjomba mmoja akasema, "Mkwe, mambo ya mume na mke..."

"Mjomba, samahani. Nauliza tu. Amesema tulikosea. Nani na nani?"

Injinia alimtazama mkewe, akamtazama mama yake. Safari hii mama yake hakutafuta leso ya kujifichia.

"Nilikosea," alisema. "Mimi. Nilikata waya, nikaficha, kisha nikamsingizia. Yeye siku ile hakuwepo. Na hakuna nilichowahi kumfundisha."

Akakaa. Hakuna aliyecheka wala kukohoa. Wifi alinyanyuka na birika la chai, akaanza kumimina kikombe baada ya kikombe, akizunguka mstari mzima. Alipofika kwa Mama Spana alimruka, akammiminia aliyefuata.

Mama Spana alisubiri aliweke birika mezani. Akainuka, akajimiminia mwenyewe, akatia sukari vijiko viwili, akarudi kukaa.